Ninahama Wete: shukurani za mji mzima hupelekwa kwa nani?

Binti wa Jadida

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Wete, mtaa wa Jadida, na nimepata uhamisho wa kikazi kwenda Mtwara, ambako mume wangu na watoto watanifuata mwishoni mwa mwezi huu. Watu wa kuwaaga ninawajua, na utaratibu wake nimefunzwa na wazee: unapita nyumba kwa nyumba, unaomba radhi, unaombewa dua, unaondoka. Kinachonisumbua ni kwamba shukurani niliyo nayo sijui niibishie hodi mlango gani.

Nitoe mfano mmoja. Msimu wa karafuu ulikuwa ukimkuta mama yangu kazini na sisi watoto skuli, huku karafuu za shamba la babu zimeanikwa juu ya jamvi mbele ya nyumba. Karafuu huhitaji siku kadhaa za jua kali mpaka iwe kahawia na ivunjike kwa kucha; ikinyeshewa kabla ya hapo rangi hufifia, na ukiifikisha katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa unashushiwa daraja, na bei inashuka pamoja nalo. Mvua ya Pemba nayo haina miadi. Mara nyingi tulirudi mbio, tumelowa chapachapa, tukakuta jamvi limekunjwa pembe zote nne na kuingizwa ukumbini, na hata punje zilizomwagika kwenye vumbi la barazani zimeokotwa. Mama akiuliza, kila jirani humtaja mwingine. Naomba mnishauri: watu kama hawa, ambao hawakukubali kujulikana, unawaagaje?

Maalim wa Limbani

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Aliyekunja jamvi lile hakutaka kutajwa, basi usimtafute, bali mrudishie kwa njia ileile aliyoitumia yeye. Nakushauri ufanye khitma, yaani kisomo cha Qurani cha kuwaombea waliofariki, nyumbani kwenu kabla ya safari, uwakusudie wazazi wako pamoja na maiti wote wa mtaa, kwa sababu hao unaowaulizia, kwa umri ninaoukisia, wengi wao wameshatangulia. Ikiwa una kaka, na apite makaburini kwa niaba yako. Na siku ya Ijumaa, baada ya sala, amwombe imamu awatangazie watu kwamba unasafiri na unaomba radhi kwa unayoyajua na usiyoyajua. Chakula kisiwe cha fakhari. Siku hizi nimeona watu wanakodi viti na vipaza sauti ili kumuaga mtu anayehamia Unguja, mwendo wa boti tu, na mimi sioni maana yake.

Mchumaji wa zamani

Naafikiana na Maalim kuhusu khitma, ila kuhusu tangazo la msikitini nina neno, kwa heshima zote. Radhi ya jumla ni njema, lakini shukurani ya jumla ni rahisi mno. Mimi ni mtu wa Unguja niliyekuwa nikivuka kuja kuchuma huko Pemba, na kwa kuwa tulilipwa kwa kila pishi ya karafuu tuliyochuma, tulikaa mashambani na mitaani kwenu msimu mzima, tukilala katika nyumba za watu ambao hawakuwa jamaa zetu. Jambo hili ni la zamani: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na tangu hapo kisiwa chenu ndicho kilichobeba zao hili, nacho kikahitaji mikono ya wageni kila mavuno yalipokuwa makubwa. Kwa hiyo watu wa Wete wameshaagwa na wengi. Walichokuwa wakikipokea kwa furaha, kwa nilivyoona, ni mtu kuingia ndani, kukaa kitako, na kulitaja jambo lenyewe: "Bibi, mwaka ule nilipoanguka mkarafuuni ulinikanda mguu kwa maji ya moto siku tatu." Hapo bibi hucheka, hukanusha, kisha huanza kukuhadithia mengine uliyokuwa huyajui. Ingia kila nyumba na neno la nyumba ile, dada yangu. Hilo la jamvi lisimulie kote. Litakayemhusu atalisikia, na hatalazimika kujitaja.

Mpemba ughaibuni

Mimi niko Muscat, na nitasema mambo ya vitendo, kwa sababu wiki ya mwisho humezwa na mizigo, barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, na wageni wanaokuja kukuaga wewe kabla hujatoka kuwaaga wao. Kama unataka kuuaga mji kwa macho yako, anza sasa. Nenda bandarini asubuhi mapema, mashua za Fundo zinapoleta abiria na samaki, ukae tu, usipige picha. Wapeleke watoto Kidike jioni wakawaone popo wa Pemba wakiamka mitini, maana popo wale hawapatikani kwingine duniani, na mtoto atakayekulia Mtwara ni vyema ajue kwamba kwao kuna kitu hicho. Msitu wa Ngezi ukipata nafasi. Usipopata, si hoja.

La pili ni zito zaidi. Usiache kutoa mchango wako wa mtaa. Misiba na harusi za Jadida zitaendelea bila wewe, na anayetuma fungu lake kila anapoarifiwa huhesabiwa kuwa yupo, ilhali aliyeaga kwa machozi kisha akanyamaza husahaulika upesi. Hayo ya shamba la babu sijui mmeyapanga vipi, lakini kama ni la urithi wenu nyote, msilikodishe kwa haraka kwa sababu tu mnasafiri.

Binti wa Jadida

Nawashukuru nyote, na Maalim nakuomba radhi zako kuanzia hapa hapa. Khitma nimeshakubaliana na kaka yangu kuwa iwe Alkhamisi baada ya Alasiri, kwa wali na maharage ya nazi tu, na vipaza sauti havitakuwepo. Nyumba kwa nyumba nitaanza kesho kwa upande wa juu wa mtaa, kwa sababu huko ndiko waliko wazee wasioweza kutoka. Shamba halikodishwi, mtoto wa shangazi atasimamia uchumaji wa vuli, nami nitachukua likizo yangu wakati huo. Mchango wa mtaa naona niutume kwa simu, lakini mwenye daftari sasa hivi ni nani, baada ya yule bwana kuhamia Chake?