Boerboel wa Dar anahamia Njombe, baridi ataiweza?

Kaka_Mbweni: Wakuu habari za jioni. Nina mbwa dume wa Boerboel, ile jamii ya mbwa wakubwa wa ulinzi ya Afrika Kusini, miaka mitatu, kilo 62, kazaliwa na kukulia Dar. Mwezi wa sita kazi inanihamishia Njombe na kumwacha siwezi kabisa. Manyoya yake mafupi mno, ukimpapasa ni kama unagusa ngozi, na kule Juni na Julai usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Wengine wananiambia mbwa mkubwa hasikii baridi, wengine wanasema naenda kumuua. Aliyefuga kule anisaidie, banda linatosha au nimlaze ndani?

Mama_Makambako: Karibu huku kaka. Mimi ninao wawili, mwaka wa kwanza nilikosea nikawalaza kwenye sakafu ya saruji, dume likawa linatetemeka alfajiri na viwiko vikaota sugu. Fundi akanipigia chaga za mbao, juu nikajaza maranda, huku panapopasuliwa mbao hayakosekani. Mlango usitazame upepo unakotoka na banda lisiwe kubwa sana, maana analipasha kwa joto la mwili wake mwenyewe. Msosi ongeza kidogo miezi hiyo. Na ukungu ukimlowesha mkaushe kabla hajalala, kuloana kunaumiza kuliko baridi yenyewe.

Kipanga07: Mnawadekeza tu. Mbwa wa bibi yangu Makete wana manyoya hayohayo mafupi na wanalala nje mwaka mzima.

Mama_Makambako: Kipanga nenda kaangalie usiku wamelala wapi, utawakuta jikoni kwenye majivu ya moto. Wale wako huru wanajitafutia pa joto, huyu wa getini kafungiwa hawezi kuchagua.

Mganga_wa_Mifugo: Mama kasema kweli. Mi naongeza kwamba wiki mbili tatu za kwanza umlaze ndani, maana anatoka kwenye fukuto anaingia moja kwa moja kwenye baridi kali. Ila kaka hofu yangu kubwa kwako ni SAFARI. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na mwili mkubwa vile una ngozi ndogo ukilinganisha na uzito kwa hiyo joto likishajaa ndani linachelewa kutoka. Ukubwa huohuo kwenye baridi unamsaidia, kwenye joto unamwangusha. Ondoka usiku, Ruaha Mbuyuni, pale bondeni njiani penye joto kali, usipite saa saba mchana, simama umpe maji, na usimwache ndani ya gari hata dakika kumi eti unakula chipsi. Joto lake la kawaida ni 38 na kitu hadi 39, likifika 41 hapo unaweza kumpoteza. Ukiona anahema mfululizo, mate yanakuwa mazito, anayumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima huku unampepea, kisha mbio kwa daktari.

Kaka_Mbweni: Dah asanteni sana. Kumbe Februari akiganda kwenye vigae vya bafuni kutwa nzima alikuwa anateseka na joto, mi nadhani ni uvivu. Tutaondoka saa nne usiku. Mama, hizo chaga uliinua kiasi gani toka chini?

Mama_Makambako: Shubiri moja inatosha, ukizidisha upepo unapita chini yake anapigwa baridi ya tumbo.