Mjadala: Muziki ni kilevi au tunauonea?

Mjomba wa Rongai
Nina mpwa wangu wa miaka 21, naishi naye hapa Rongai. Alikuwa na kibarua mjini, duka la vifaa vya umeme. Asubuhi moja tulitoka pamoja. Steji ilikuwa na matatu mbili zinazokaribia kujaa, na foleni ya Lang'ata Road kila mtu anaijua. Kijana akakataa kupanda. Anataka ile nganya, matatu iliyorembwa, yenye besi, ambayo ukikaa kiti cha nyuma mbavu zinatetemeka. Tukasimama dakika 40. Nilimtazama vizuri: mguu hautulii, anauma kucha, anachungulia barabara. Mlio wa nganya uliposikika tu kule kona, kabla hata haijaonekana, mabega yakashuka, akatabasamu, akanisahau kabisa. Wiki iliyopita amefutwa kazi, kuchelewa mara ya tatu. Sasa nauliza kwa uchungu: huyu ana tofauti gani na mlevi anayengoja baa ifunguliwe? Hata mla miraa hutafuna huku kazi inaendelea.

Mwanafunzi wa Tiba
Mjomba, swali lako lina msingi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapiga picha za ubongo watu ambao husisimka hadi vinyweleo kusimama wakisikiliza muziki wanaoupenda. Dopamini iliachiliwa katika sehemu zilezile zinazoamshwa na chakula, mapenzi na kokeini. Tena ilianza kupanda kabla kipande kitamu hakijafika, mtu akiwa bado anakingoja. Ndiyo maana mpwa wako alilegea mabega nganya ikiwa bado kona.

Mwana wa Maua
Nilisoma mpaka kwenye miraa nikasimama. Kwa nini kila mkizungumzia ulevi hapa Nairobi lazima zao letu la Meru liburutwe? Miraa ni zao la biashara, na sheria ya Kenya ililitambua hivyo mwaka 2016. Baba alinisomesha kwa miraa kuanzia darasa la kwanza hadi chuo. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kufunga vifurushi kwa majani ya mgomba ili gari liwahi Nairobi. Mtu wa namna hiyo unamwekaje fungu moja na mlevi wa baa?

Bint Pumwani
Uingereza waliipiga marufuku 2014. Unadhani walikurupuka?

Mwana wa Maua
Ndiyo, walikurupuka. Mwaka 2013 kamati yao wenyewe ya wataalamu iliishauri serikali kwamba ushahidi wa kuipiga marufuku hautoshi. Serikali ikafanya ilivyotaka, na vijiji vyetu vikalipa. Kabla hujanijibu, waulize watu wa Igembe, kule kwetu Meru, soko lile lilipofungwa ni watoto wangapi walirudishwa nyumbani kwa karo.

Jirani wa Kayole
Muguka nayo, hiyo ndugu ya miraa, utaitetea? Gavana wa Mombasa aliipiga marufuku Mei 2024.

Mwana wa Maua
Na mahakama ikasimamisha amri yake mwezi uleule. Maliza habari ukishaianza, ndugu yangu.

Mjomba wa Rongai
Jamani, mpwa wangu hatafuni miraa. Mwana wa Maua, samahani, sikukusudia kumtukana mzee wako.

Mwana wa Maua
Samahani nimeipokea. Lakini neno ulilisema.

Dada wa Pangani
Nimevumilia, nimeshindwa. Nyinyi mnachezea maneno. Kaka yangu alitumia unga, heroini, miaka sita. Mmewahi kuona arosto, mtu akiukosa? Pua inatiririka, anatapika, anajikunja kwenye saruji kwa sababu godoro anasema linamchoma. Aliuza sufuria ya mama ya ugali ikiwa bado na ukoko ndani. Sasa anakwenda kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, kila asubuhi, mvua iwe jua liwe, na ndiyo maana yu hai. Mjomba, zima huo muziki wa mpwa wako wiki nzima. Atanuna. Hatatapika. Hatauza sufuria yako. Tafadhali msiuweke wimbo na unga sahani moja.

Mwanafunzi wa Tiba
Pole sana dada, na hongera kwa kaka. Sisemi ni sawa kwa uzito. Nasema tu kwamba uraibu hauhitaji kitu kuingia mwilini. Kamari hainywewi wala haidungwi, na bado Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa ugonjwa wa uraibu. Katika orodha yao mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022, wameongeza na michezo ya video.

Jirani wa Kayole
Si wameongeza na muziki pia? Nilisikia redioni.

Mwanafunzi wa Tiba
Muziki haumo. Ila sikilizeni hili: mwaka 2017, McGill tena, waliwapa watu naltreksoni, dawa ambayo hutumika kuwasaidia waraibu wa pombe na afyuni, kisha wakawapigia nyimbo walizozichagua wenyewe. Hisia zilififia, za raha na za huzuni. Wimbo ni uleule, lakini haugusi tena.

Dada wa Pangani
Basi hata mtoto kukumbatiwa na mama yake mtaita kilevi, maana nako ubongo unafurahi.

Mwalimu wa Buruburu
Dada amegusa penyewe. Tatizo letu tunawaza kwa neno moja la Kiingereza, "drug", halafu tunalazimisha Kiswahili kilifuate. Sisi tuna dawa, tuna kilevi, tuna mihadarati, na kila moja lina nyumba yake. Tunasema fulani kalewa sifa, kalewa madaraka, kalewa usingizi, na hapo hakuna chupa wala sindano. Kwa hiyo kulewa muziki Kiswahili kinakubali bila kuita polisi. Na kuna upande wa pili ambao hamjaugusa: muziki kama dawa ya kuponya. Kwetu Kitui nyanya yangu alipofiwa na watoto wawili mwaka mmoja alikaa kimya, hali, hasemi. Wakamchezea kilumi, ngoma yetu Wakamba ya pepo na uponyaji. Nilikuwa mdogo, nimekaa karibu na moto na wale akina mama wa ngoma. Walipiga usiku wote. Karibu na alfajiri kisigino chake kikaanza kugonga chini taratibu, kufuata mdundo, halafu mkono, halafu akaomba uji. Mimi nilikuwepo. Niambieni nini kilimtibu.

Bint Pumwani
Mwalimu, nakuheshimu, lakini mambo ya kupandisha pepo usituletee hapa tuyaite matibabu. Wengine tuna dini.

Mwalimu wa Buruburu
Binti yangu, kwenye maulidi dufu likikolea hujawahi kuona mtu mzima akilia?

Bint Pumwani
Kulia kwa mapenzi ya Mtume si kilumi. Usivichanganye, tutakosana.

Jirani wa Kayole
Mimi nasema hivi: kama ni kilevi, basi hao wanaofunga spika kwenye matatu ni wauza sumu, na wakamatwe.

Fundi wa Besi
Muuza sumu ndiye mimi. Nafunga muziki wa matatu Kirinyaga Road, huu mwaka wa 11. Nakata sanduku la mbao kwa mkono wangu, naweka gundi na skrubu, natandika povu nyuma ya bati la mlango lisigonge, nakaa kiti cha nyuma kabisa na kufumba macho nisikie kama sauti ya mwimbaji imezama kwenye besi. Ikizama nafungua upya, hata kama ni saa nne usiku na mwenye gari anapiga kelele. Watoto wangu watatu wamekula hapo. Gari bubu linakaa steji mpaka dereva anasinzia, na abiria ndio mnaolikataa. Leo niitwe muuza sumu na mtu ambaye kesho asubuhi atasukumana mlangoni apate kiti karibu na spika niliyoifunga?

Jirani wa Kayole
Mimi napanda gari lolote lililopo. Usinisingizie.

Muuguzi Eastlands
Fundi, kazi yako naiheshimu, ila nami niseme yangu. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu mzima aisikilize kwa saa 40 kwa wiki, basi. Ikifika 90, saa zinashuka hadi 4. Mpwa wa Mjomba anakaa kwenye foleni ile kwenda na kurudi siku sita; hesabu mwenyewe. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Na mlevi anajinywea mwenyewe, lakini kwenye nganya mnanyweshwa wote. Wiki jana mbele yangu alikaa mama na mtoto wa kama miaka mitatu. Alimfunga leso kichwani, akamziba masikio kwa viganja vyake viwili kuanzia mjini hadi Donholm. Noti ya nauli aliishika kwa meno, maana mkono wa kuitoa hakuwa nao. Nilimwomba konda apunguze, akaniambia nishuke. Tangu 2009 tuna kanuni za kudhibiti kelele, na sijaona gari likisimamishwa kwa ajili yake.

Dada wa Pangani
Hilo sasa ndilo la kujadili. Nakuunga mkono kwa mikono miwili, muuguzi.

Fundi wa Besi
Muuguzi, hilo la mtoto limeniuma. Naweza kufunga swichi ya kuzima spika za mbele, zibaki za nyuma tu. Waya wake hauna gharama. Wenye magari hawajawahi kuniomba, na kusema kweli nami sikuwahi kuwaambia. Nganya ninayoifunga wiki hii nitamwambia mwenyewe kwanza, kabla sijakata sanduku. Mjomba wa Rongai, bado upo?

Mjomba wa Rongai
Nipo, nasoma.

Fundi wa Besi
Huyo kijana anajua besi ya gari gani ni ipi kabla halijapinda kona. Mimi nina wasaidizi wawili hapa, na hakuna anayeweza hilo. Na umesema ameuza vifaa vya umeme, kwa hiyo waya haumtishi.

Jirani wa Kayole
Yaani mlevi mnampeleka kiwandani!

Mjomba wa Rongai
Jirani, niache kidogo. Fundi, nimlete lini?

Fundi wa Besi
Jumamosi saa mbili. Aje na nguo za kazi, na asivae vile vya masikioni. Na asichelewe.

Mjomba wa Rongai
Nitampandisha gari la kwanza nitakalolikuta steji.

Mwana wa Maua
Bint Pumwani, bado hujanijibu kuhusu Igembe.