Pikapu ya kubebea viazi vya Isyonje: nichukue manyuali au otomatiki?

MamaViazi_Uyole

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani kila mtu ana lake, na hii hela nimeikusanya miaka minne sitaki kuja kulia.

Nanunua viazi Isyonje, Kikondo na huko juu njia ya Kitulo, naleta Uyole na Mwanjelwa. Siku zote nakodi gari, sasa nimechoka, mtu anakwambia saa kumi na moja alfajiri nipo hapo, saa nne bado unamngoja na wakulima wameshauza kwa mwingine. Nimepata pikapu mbili. Moja Hilux Vigo ya 2008 dabo kebini (ya milango minne), injini 3.0 otomatiki, ipo hapahapa Mbeya na kwa macho ni nzuri mno. Nyingine Hilux singo kebini (viti vya mbele tu) ya 2.5 manyuali ipo Mafinga, rangi imechoka ila mwenyewe anasema injini haijaguswa. Bei zimepishana kidogo tu.

Shida ni kwamba goti langu la kushoto liliumia kwenye bodaboda, klachi ya kutwa nzima kwenye foleni ya Mafiati sijui kama nitaiweza. Na atakayeendesha zaidi ni mdogo wangu, yeye kajifunzia IST, kagari kadogo ka otomatiki, manyuali hajawahi kugusa. Baba anasema otomatiki ni gari ya kwendea kanisani, ukiibebesha viazi mlimani giaboksi inakufa. Ni kweli au ni mambo ya zamani?

Gia_Tatu

Manyuali. Swali linalofuata 😂

Mnyalukolo71

Kamwene dada. Msikilize baba yako.

Mimi nimebeba mbao kutoka Mafinga kwenda Dar tangu nikiwa utingo mpaka nikakabidhiwa usukani, mlima wa Kitonga naujua kona kwa kona. Pale wazee walitufundisha kitu kimoja tu, gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Na unapangua ukiwa bado juu kabla mteremko haujaanza, siyo umeshaingia kwenye kona ndo unahangaika kutafuta gia. Niliwahi kukaa na dereva mmoja bingwa wa kuweka fri, yaani anatoa gia kabisa mteremkoni, ili abane mafuta, siku hiyo tunashuka nasikia harufu kama mpira unaungua, nikamwambia bosi breki hizo, akasema we kaa kimya, hatujafika mbali pedali ikaenda mpaka chini kama anakanyaga godoro. Kilichotuokoa ni mlima wenyewe, aliibana gari upande wa ndani ikajisugua na mwamba mpaka ikasimama, saiti mira ikabaki kulekule. Nilishuka miguu inatetemeka nikakaa juu ya jiwe kama nusu saa sisemi na mtu.

Sasa otomatiki unaweka D ya kwenda mbele inatiririka tu yenyewe, injini haikushiki. Halafu baridi ya huko Kitulo na Makete mwezi wa sita wa saba, betri ikigoma asubuhi manyuali vijana wanne wanasukuma inawaka. Otomatiki utasukuma mpaka Njombe.

Dada_wa_Ndulamo

Mzee wangu Mnyalukolo shikamoo, ila hapo kwenye kushuka sikubaliani na wewe.

Nina pikapu otomatiki mwaka wa tatu huu, napanda na kushuka Makete mvua na jua. Watu wengi wakishaweka D wanadhani kazi imeisha, wakati pale kwenye lundo la herufi kuna 2 na L za gia ndogo, na gari zingine zina S yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukifika kichwani mwa mteremko unashusha mwenyewe, injini inapiga kelele kidogo na gari inashikwa vizuri tu. Huyo dereva aliyeweka fri angekufa hata kwenye manyuali, na kweli ilikuwa manyuali si ndiyo? Basi.

Na kitu ambacho wanaume hamkisemi ni kuanza kuondoka kwenye mlima wenye tope ukiwa na mzigo. Manyuali pale unahitaji miguu mitatu, hendibreki, klachi, resi, ukikosea kidogo unarudi nyuma au tairi inachimba shimo. Otomatiki unaweka fo wili tairi zote nne zivute, unakanyaga taratibu, inatambaa kama konokono bila kukatika nguvu. Mdogo wako wa IST hapo ataponea. Na goti lako pia, mimi foleni ya Kabwe na Mafiati naimaliza nikiwa nimekula karanga.

Fundi_wa_Soweto_Mbeya

Wote mna ukweli nusunusu. Mimi nafungua haya madude kila siku ngoja niseme ninachokiona.

Otomatiki siyo dhaifu. Kinachoiua ni joto na oili isiyobadilishwa. Ndani yake kati ya injini na gia kuna toki konveta, chukulia feni mbili zimetazamana ndani ya oili, moja inazungushwa na injini inarusha oili, nyingine inapokea ndo inazungusha gia. Hazijashikana. Kwahiyo ukiwa na mzigo mzito, mlima mkali, mwendo wa kutambaa, feni moja inazunguka sana nyingine inazunguka kidogo na ile tofauti yote inageuka moto ndani ya oili. Ukiiacha kwenye D inahangaika kupanda gia na kushuka gia, moto unazidi. Ukiiweka kwenye 2 au L mapema inatulia. Dada wa Ndulamo anajua hilo, wateja wangu kumi wakija labda mmoja anajua.

Oili yenyewe watu wanaambiwa ni ya maisha. Ya maisha ya nani? Kwa kazi ya mlimani na mzigo mimi nawaambia kila kilomita 40,000 mwaga weka mpya, na iwe aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo unaingia dukani unasema nipe haidroliki nyekundu. Giaboksi inayotaka oili ya Toyota inayoitwa WS ukiiwekea ya aina nyingine itaenda, halafu baadaye itaanza kupiga mateke ikibadilisha gia utasema umerogwa.

Mnyalukolo nikurekebishe kidogo kuhusu kusukuma. Zile injini za dizeli za 3L na 5L za zamani kweli unasukuma inawaka, pampu yake haina mambo mengi. Hizi 2KD na 1KD za kwenye Hilux unazoziangalia mama zina kompyuta, betri ikifa kabisa mpaka taa za dashibodi haziwaki utasukuma na kijiji kizima, haiwaki. Betri ikiwa dhaifu tu hapo sawa. Na otomatiki ikizima njiani usikubali kuvutwa kwa kamba tairi za nyuma zikiwa chini, pampu ya oili inazungushwa na injini, injini ikiwa imezima gia zinazunguka kavu. Ibebwe, au ufungue kwanza propela shafti, ile inayopeleka mzunguko tairi za nyuma.

Upande wa manyuali nisidanganye pia. Klachi naifungua sana, na karibu zote ni za watu walewale, anayepumzisha mguu kwenye pedali kama kwenye stuli na anayeishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Mdogo wako akianza hivyo pleti ya klachi haimalizi mwaka. Ila klachi ikiisha utapata spea hata Tunduma na fundi yeyote anaifunga kutwa moja, otomatiki ikifa hapa Mbeya tunaoifungua tukaifunga vizuri tuko wachache, wengi wanakutafutia iliyotumika nayo ni bahati nasibu.

Halafu mama, unabeba gunia ngapi?

MamaViazi_Uyole

Ahsanteni sana, mzee Mnyalukolo shikamoo. Fundi ni gunia kumi na nne, kumi na sita siku ya soko. Lumbesa, zile za kujaza kupita mdomo.

Fundi_wa_Soweto_Mbeya

Mama!

Gunia la kawaida kilo mia, lumbesa ile ya kofia inapita hapo, tena kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kumi na sita ni zaidi ya tani moja na nusu. Hilux ni gari ya kama tani moja, na hapo hatujakuweka wewe, mdogo wako na mbeba mizigo. Kwa uzito huo kutoka Kikondo tusiongelee gia, tuongelee breki, springi za nyuma na bering. Giaboksi yoyote utakayonunua utaniletea.

Na angalia vizuri, wewe hulinganishi gia tu. Singo kebini kitanda chake kirefu mzigo unalala chini, dabo kebini kitanda kifupi kwahiyo utapanga kwenda juu na uzito mwingi unaelemea nyuma ya ekseli, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Kwa viazi dabo kebini ni kununua viti.

Gia_Tatu

Nilisema manyuali mkanicheka

Dada_wa_Ndulamo

Hapo kwenye kitanda fundi kanishinda, mimi nabeba vifaranga na chakula cha kuku, uzito wangu mdogo. Ila hiyo otomatiki kama una moyo nayo usiikatae kwa sababu ya maneno ya watu, nenda na fundi aipime.

Fundi_wa_Soweto_Mbeya

Ya kupima ni haya, hata bila mimi unaweza. Otomatiki ikute ikiwa ya baridi, usikubali muuzaji akuletee imeshachemka. Kama ina kijiti cha oili ya gia (zingine hazina) chovya kwenye tishu nyeupe, nyekundu safi ni nzuri, kahawia siyo mwisho wa dunia, nyeusi yenye harufu ya maharage yaliyoungua ondoka hata soda usinywe. Kanyaga breki toa N (gia imekaa huru) weka D, hesabu, ikichelewa kuingia halafu ikagonga kama mlango unabamizwa hapana. Kisha ipeleke mlimani na watu wamekaa nyuma, ukikanyaga mafuta resi ikapanda lakini mwendo haupandi, hapo inateleza ndani. Manyuali nayo simama kwenye mlima, hendibreki juu, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima palepale klachi ni nzima, ikiendelea kunguruma pleti imeisha.

MamaViazi_Uyole

Wakuu narudisha mrejesho. Jumamosi tulienda kuiona ya hapa Mbeya. Muuzaji alikuwa ameiosha mpaka tairi zimepakwa dawa zinang'aa, na boneti nimeigusa ni ya moto tayari, nikamwambia tutangoja ipoe, akakunja uso. Tulingoja karibu masaa mawili tunakula mahindi ya kuchoma. Fundi akavuta kijiti akapaka kwenye tishu, sikuhitaji kuambiwa, ilikuwa kama kahawa na ile harufu ya maharage ni kweli kabisa jamani sikudhani ni vile. Tukaaga.

Jumapili tukaenda Mafinga. Rangi imechoka kweli, mlango wa kushoto unafungwa kwa kuunyanyua kidogo, ila ile ya gia ya tatu ilizima papo hapo na ilipanda mlima tukiwa watu saba nyuma bila kulalamika. Nimelipa advansi, hela iliyobaki namalizia mwisho wa mwezi. Gunia nimekubali kumi, fundi kanilazimisha, siku ya soko nitaenda safari mbili. Goti langu nitakaa nalo upande wa abiria, mjini nitaendelea na bajaji.

Mdogo wangu anajifunza kila jioni kwa gari ya jirani kwenye uwanja wa shule. Jana kaizima mara nane akilenga kuondoka tu.

Mnyalukolo71

Mara nane mbona kidogo. Mimi nilizima fuso ya tajiri katikati ya mzani na foleni nyuma yangu mpaka nikashuka nikakimbia. Mlete Iringa nimpeleke Kitonga, lakini aje na sweta na asije na njaa.