Kidato cha tatu kwenda gereji na kwenye mashine za alizeti kila Ijumaa: tunawafungulia njia au tunawafungia kijijini?

MwalimuZamu
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha sekondari ya kata huku Singida. Shule yetu haimo kwenye zile zilizoanza mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, mwaka 2024. Hatuna karakana wala mwalimu wa ufundi. Tulichonacho ni majirani: mashine mbili za kukamua alizeti, zahanati, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), gereji ya pikipiki na mafundi cherehani watatu pale senta.

Bodi ikaleta wazo. Kila Ijumaa kidato cha tatu wagawanywe wawili wawili, waende huko kwa saa tatu nzima, waone kazi, waulize, wafanye kidogo mbele ya mwenye kazi, wajaze daftari, naye asaini. Kikao cha wazazi nusura kivunjike. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia kabisa, akasema, "Sikuuza mbuzi wangu ili mwanangu akafundishwe kushika spana na mtu niliyemaliza naye la saba." Nusu ya ukumbi ilipiga makofi, nusu ikaguna.

Mnasemaje? Nawasilisha.

Jamvini
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje.

MchepuoKilimo
Vijana mnajadili kitu ambacho sisi tulikila tukakimaliza. Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere, Azimio la Musoma. Shule ilikuwa na shamba, na ukitoka pale unajua kitu. Mimi nilisoma mchepuo wa kilimo, na mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nakwambia nafasi ya mahindi: sentimita 75 kwa 30. Ninyi ndio mlioliona jembe ni adhabu.

Kiroboto
Shikamoo mzee. Elimu ya Kujitegemea ni Machi 1967, muda mfupi tu baada ya Azimio la Arusha. Musoma ni 1974. Halafu jembe hatukuliona ni adhabu, *lilikuwa* adhabu. Umechelewa, kalime. Umepiga kelele, kalime. Na mavuno hayajulikani yalikoenda, ingawa sisi wengine tulijua: stoo ya mwalimu mkuu.

MchepuoKilimo
Marahaba. Tarehe nimekubali. La stoo siwezi kulisemea, mwalimu mkuu wetu alikuwa mjomba wangu.

MjiniKati
Mleta mada, usituzungushe. Mtoto wa mjini mnampeleka kwenye kompyuta, wa kijijini mnampeleka kwa fundi pikipiki ambaye hata kitabu cha hiyo pikipiki hawezi kukisoma. Mnamwambia mapema: wewe ni wa hapa, usiangalie mbali. Huyo mzee aliyevua kofia namuunga mkono kwa asilimia zote. Na hao mafundi wenyewe tunawajua. Ahadi Ijumaa, kazi mwaka kesho. Watoto watajifunza uongo tu.

SpanaKumi
Nimekuwa nasoma humu kimya miaka minne. Leo umenitoa.

Mimi ni la saba, na gereji yangu inalisha nyumba mbili. Pikipiki ikiletwa nazima redio kwanza. Naiwasha, nasikiliza. Cheni ya taimingi ikilegea inalia kama njugu kwenye kopo. Beringi ya krenki ikifa inaunguruma kwa chini, hapo unaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini unauweka sikioni, ugonjwa wenyewe unakuita. Juzi kaletwa kijana ana digrii ya uhandisi, analalamika injini imekufa, yuko tayari kununua nyingine. Ilikuwa plagi. Nimeifuta kwa msasa, ikawaka. Sikumuuliza kama anajua kusoma.

MjiniKati
Sikupingi sikio lako, mkuu. Umejibu la kitabu, la uongo umelikimbia. Nina suti ya harusi ya mdogo wangu. "Njoo kesho" nimeambiwa mara sita. Harusi ikapita. Sasa hivi wana mtoto, na mtoto anatembea.

Jamvini
Mada ndiyo imeanza sasa.

Kiroboto
Yako ina nafuu. Shati langu nililikuta msibani, limevaliwa na mtu simjui, na limemkaa vizuri kuliko ambavyo lingenikaa mimi.

BibiHarusiWaZamani
Msinichekeshe niko kazini. Mimi gauni nilipewa saa mbili kabla ya kanisa, mkono mmoja umeshikizwa kwa pini. Picha zote nimekaa upande.

CherehaniMbili
Nyie wateja mseme na yenu. Mtu analeta kitambaa Alhamisi jioni, sherehe Jumamosi. Kimepungua, alitaka kubana pesa dukani akanunua meta mbili, mshono alioonyesha kwenye simu unakula tatu na nusu. Nikimwambia haitoshi ananiita fundi asiyejua. Advansi hatoi. Nikishona ya mwenye advansi kwanza, nimekuwa mwongo. Wanafunzi waje kwangu. Kitu cha kwanza nitakachowafundisha ni kupima kitambaa mbele ya mteja kabla hujasema "ndiyo".

MwalimuZamu
Wakuu, nawaomba turudi. Hatujazungumzia suti.

MdauDarasani
Nirudishe kidogo, japo najua nitachokwa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali. Mleta mada yuko kwenye wa jumla, kwa hiyo haongelei kumgeuza mtoto fundi, anaongelea saa tatu kwa wiki. Haya ni mambo mawili na yanachanganywa tangu juu. Wasiwasi wa MjiniKati una umri mkubwa. Kuna msomi mmoja aliandika kuhusu Ghana miaka ya 1960 kwamba ukiweka jembe darasani mtoto hatapenda jembe, kwa sababu haangalii ratiba ya shule, anaangalia mshahara uko wapi. Jina limenitoka.

Na kwa atakayesema watoto wanatumikishwa: Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kidato cha tatu wengi wamevuka hapo. Swali la maana ni mashine. Mkanda wa mashine ya kukamua ukiwa wazi hauna wingi wa maelezo, unachukua vidole. Nani anasimama pale?

Kiroboto
Philip Foster, 1965. Alisema shule ya ufundi kuwa dawa ya ajira ni dhana potofu.

MchepuoKilimo
Mzungu anatufundisha jembe sasa.

Kiroboto
Mzee, alisema jembe halifundishiki hivyo. Amekuunga mkono kinyumenyume.

MchepuoKilimo
Kwa nini asiseme wazi?

BintiMashudu
Naomba niseme mimi ambaye nilipita huko bila mpango wa bodi yoyote.

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa namsaidia mama mdogo kwenye mashine ya alizeti. Mwenye mashine hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa punje chache, akasema tafuna. Ikivunjika kwa mlio, imekauka, pitisha. Ikilegea mdomoni, rudisha ianikwe, maana mbegu mbichi mafuta hayatoki yote, yanabaki kwenye mashudu na mkulima ataondoka akidhani umemwibia. Baadaye akanipa daftari la kupima magunia. Hapo ndipo nilipoelewa asilimia. Darasani mwalimu alikuwa amezirudia mwezi mzima nikiitikia tu. Pale mkulima amesimama mbele yako, gunia lake limetoa ndoo moja, la mwenzie ndoo na nusu, anataka ujibu kwa nini.

Sikubaki kijijini. Nilikwenda kusoma sayansi ya chakula kwa sababu ya zile punje. Wenzangu tuliofaulu pamoja walijaza fomu kwa kuangalia majina ya kozi yanayosikika vizuri. Mimi nilijua ninachokwenda kuuliza.

Jamvini
Mashudu siku hizi yamepanda, ng'ombe wangu wamekonda.

BibiHarusiWaZamani
Ya kuku au ya ng'ombe? Maana kuna wanaochanganya na pumba.

BintiMashudu
Nimeandika mistari yote hiyo mmeona mashudu?

MjiniKati
Dada, hongera, lakini wewe ni mmoja. Na ulikwenda na mama mdogo, hukupelekwa na shule. Narudi kwa mwalimu. Mwalimu, jibu kwa kifupi: mtoto wako anasoma hapo hapo kwenye hiyo sekondari ya kata?

Jamvini
Uwiii.

MwalimuZamu
Mkubwa yuko bweni, wilaya nyingine. Mdogo yuko la nne hapa kijijini.

MjiniKati
Nimemaliza. Mods fungeni uzi.

Kiroboto
Hujamaliza kitu. Kwa hiyo daktari akiumwa dawa zake hazifai?

MwalimuZamu
Ngoja nijibu mwenyewe. Nilimpeleka bweni kwa sababu hapa hatuna mwalimu wa fizikia. Sioni aibu. Ila likizo yake ya Desemba alishinda nyumbani na simu, na nilipomuuliza anataka kuwa nani akasema "mtu wa ofisini". Nikamuuliza ofisi gani, anafanya nini humo. Akanyamaza. Wangu wa bweni na wale wa kata wanafanana hapo. Kazi wanazozijua ni mwalimu, nesi, askari na mtendaji, kwa kuwa ndio wanaowaona wamevaa sare au wamebeba faili. Mkemia wa mafuta, mhasibu wa ushirika, mtu wa kupima udongo, hawajawahi kumwona, na anapita kijijini na gari kila msimu.

SpanaKumi
Mwalimu umesema kweli, lakini na mimi niulize la kwangu maana wote mnapanga Ijumaa yangu bila kuniuliza. Ijumaa ndiyo siku ya kazi nyingi, watu wanajiandaa na mnada wa Jumamosi. Watoto wawili kila wiki, kila mara wapya, nianze "hii inaitwa spana namba kumi". Wakivunja kabureta nani analipa? Wao wanapata daftari lililosainiwa, mimi napata nini? Mafundi wa zamani walipokea mwanagenzi, lakini alikaa miaka, akawa anafagia, ananunua chai, mwisho anakuwa mkono wako. Saa tatu ni utalii.

MdauDarasani
Hili ndilo swali la uzi mzima na limekuja ukurasa wa mwisho. Chukueni wale wale wawili muhula mzima, muhula ujao wabadilike. Siku mwachieni fundi achague. Na fundi mwenyewe apelekwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, akapimwe ujuzi wake, kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliojifunziwa mtaani, anapata cheti bila kuanza darasa upya. Hapo huyo mzee wa kofia hatasema tena "niliyemaliza naye la saba".

MchepuoKilimo
Atasema tu. Wanajuana.

SpanaKumi
Cheti nakitaka. Nilishaambiwa hilo mara moja, nikaona ni maneno ya kampeni.

Basi mwalimu, lete wawili, Jumanne, muhula mzima. Wasije na mashati meupe, mama zao watanilaumu mimi. Na mmoja awe msichana, kuna mmoja hapo jirani kila akipita anasimama kuangalia mpaka anachelewa shule.

MjiniKati
Jumanne ya kalenda au Jumanne ya fundi?

SpanaKumi
Saa mbili asubuhi. Ukiwa Singida pita, nitakufutia plagi bure.

CherehaniMbili
MjiniKati, hebu kwanza. Hiyo suti ilikuwa rangi gani? Hapa kwangu ipo moja ya bluu, koti na suruali, nimeipiga pasi mara tatu. Mwaka wa tatu huu mwenyewe hajaja kumalizia hela.