Usaili wa mawaziri bungeni: mchujo au muhuri?

Mkereketwa: Katiba ya Kenya ya 2010 inasema Rais apendekeze, Bunge la Taifa liidhinishe. Agosti 2024, baada ya baraza la mawaziri kuvunjwa, wateule 20 walisailiwa. Wakapita 19, akaangushwa mmoja tu, wa Wizara ya Jinsia. Usaili huu ufutwe. Na huko kutajiana mali kwenye runinga ni umbea mtupu.

Binti Kilifi: Umbea? Mimi nilitazama tangu asubuhi. Mtu anaapa, anaulizwa ana mali kiasi gani, mara anaanza kupangua makaratasi na sauti inashuka. Nilipoomba kazi ya ukarani nilidaiwa cheti cha polisi, cha kodi na cha mkopo wa chuo. Waziri naye aulizwe!

Mkereketwa: Dada, kutaja si kuthibitisha. Nani huenda kuhesabu hayo mashamba?

Jirani wa Namanga: Nyie mna cha kubishania. Kwetu Tanzania Bunge humthibitisha Waziri Mkuu, mawaziri wengine ni kalamu ya Rais. Mikataba ndiyo hupelekwa bungeni, ibara ya 63. Ule wa bandari na Dubai uliridhiwa Juni 10, 2023, huku mitaani watu bado wanauliza una ukomo wa miaka mingapi.

Omari K: Jirani, bandari ina uzi wake. Hapa Kenya wabunge wana meno. 2022 kamati ilimkataa mteule wa Utalii.

Mama Zawadi: Malizia basi, mwanangu. Bunge zima likaitupa ripoti ya kamati, mteule huyo akawa waziri. Tena soma sheria ya uteuzi ya 2011: siku zikiisha Bunge halijasema lolote, mteule anahesabiwa ameidhinishwa. Kimya chao ni ndiyo! Kipengele hicho ndicho cha kufuta, usaili ubaki.

Jirani wa Namanga: Bandari nimeitaja kwa sababu waziri hutumbuliwa kesho, mkataba unabaki kuwabana wajukuu. Usinifunge mdomo.

Omari K: Sijakufunga mdomo, nimekwambia tuko kwenye mawaziri.

Binti Kilifi: Tuko kwenye mali. Ndugu Mkereketwa, kama hakuna anayehesabu, dai mhesabuji. Kwa nini unataka hata swali lisiulizwe?

Mkereketwa: Dada, sijasema lisiulizwe. Nimesema lisiulizwe na watu ambao wao wenyewe fomu zao za mali hatujawahi kuziona.

Binti Kilifi: Huko juu umeandika "ufutwe". Panda ukasome.