Gari nimenunua mimi, skrini inaniletea matangazo. Hii ni haki?

Mtumba_Asubuhi (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili mapema kabla halijatukalia kichwani. Huko Marekani mwanzoni mwa 2025 wenye Jeep walianza kulalamika, gari ikisimama tu, hata kwenye taa, skrini ya deshibodi inaleta tangazo la kukuuzia waranti ya nyongeza. Unalifunga, unaondoka, ukisimama tena limerudi. Kampuni, Stellantis, ikajitetea kwamba kulikuwa na hitilafu ya programu iliyofanya watu washindwe kulizima papo hapo. Someni vizuri hapo, hitilafu ilikuwa kwenye kulizima. Tangazo lenyewe lilitumwa makusudi.

Msiniambie hayo ni ya wazungu sisi tunaendesha magari ya Japani ya 2005. Redio zile za Kijapani mnazijua, FM inaishia 90, ukichomoa betri inajifunga na kudai namba, ndo maana wengi tumebadilisha tumeweka hizi za Android. Na mimi nimeweka. Juzi natoka kwenye maegesho pale Sabasaba hapa Dodoma, nimeingiza rivasi, naangalia kamera, tangazo la kubeti likaja juu ya picha. Kijani tupu, mpira unazunguka, kale kaduara ka kuhesabu sekunde kamekaa palepale ninapotakiwa kuona nyuma. Kumbe nyuma yangu kuna mama ameinama anapanga nyanya kwenye beseni. Vijana wakapiga bodi ndo nikasimama. Mikono ilinitetemeka mpaka nafika nyumbani.

Na bando ni langu! Magari ya kule yanakuja na laini yake ndani, huku nawasha hotspot ya simu nipate ramani, kwahiyo tangazo la video naliona kwa MB zangu mwenyewe. Swali langu ni moja, nani kampa mtu ruhusa ya kuuza macho yangu ndani ya gari langu?

Chief wa Ilazo:
Pole mkuu kwa yaliyokukuta. Ila tusidanganyane, magari mengi ya hapa Dom ni ya mkopo, mtumishi kakopa, anakatwa mshahara miaka saba, alafu anasimama anasema gari langu. Na ukinunua kitu cha bei chee lazima mtu arudishe hela yake mahali, redio za FM si zinatulisha matangazo kila siku na hatulalamiki?

Mama Wawili:
Chief wa Ilazo mkopo wa mtu unakuuma nini? Mimi ni mwalimu, nimekopa ndio, nimenunua gari kwasababu shule yangu iko mbali na daladala ya kwanza inapita imejaa watu wananing'inia mlangoni. Mkopo wa mtumishi dhamana yake ni mshahara, kadi ya gari ina jina langu na iko kabatini kwangu. Kwahiyo gari ni langu na deni ni langu. Usiwatukane watu wanaoamka saa kumi na moja.

Chief wa Ilazo:
Dada sijamtukana mtu, nimesema ukweli. Ukiacha kazi leo utaona gari ni la nani.

Kijana wa Chimwaga:
@Mtumba_Asubuhi matangazo ni mwanzo tu mkuu. Kuna kampuni ya Kijerumani, nadhani Mercedes, ilikuwa inataka ulipie kila mwezi ndo siti ipate joto, wakati heta imeshafungwa kiwandani na ulishalipia gari zima. Ford nao 2024 yalionekana maombi yao ya hataza (patent, haki ya kumiliki ubunifu), mfumo wa kusikiliza mnachoongea ndani ya gari ili wajue tangazo gani wawape. Yaani unaongea na mkeo kwamba mtapita kula chipsi, skrini inawaonyesha mgahawa.

Bint Kondoa:
Ni BMW, sio Mercedes. 2022, Korea Kusini bei ilikuwa kama dola 18 kwa mwezi, watu wakapiga kelele na 2023 wakaachana nayo. Na hiyo ya Ford ni maombi tu, wenyewe walisema kuomba hataza haina maana watatengeneza.

Kijana wa Chimwaga:
Sawa dada BMW. Hoja haijabadilika.

Scania_Manyoni:
Mimi naendesha lori toka 2009, niwaambie kitu. Spidi 80 ni mita 22 kila sekunde. Ukitoa macho barabarani sekunde mbili umeshapita mita 44 huoni. Sasa njoo njia ya Bahi kwenda Manyoni jioni, jua linakupiga machoni, alafu skrini ikuletee mambo ya kubeti, na mbele ng'ombe wanakatiza. Sisi tunakatazwa kushika simu na trafiki anatuandikia faini, iweje simu kubwa ya inchi kumi iliyofungwa kwenye deshibodi iruhusiwe kucheza tangazo? Na hao ng'ombe wa Wagogo hawana mchungaji kabisa, wanaachiwa tu.

Mgogo Halisi:
Scania umeanza vizuri ukaharibu mwisho. Ng'ombe wana wachungaji, nyie wa malori mnapita kijijini na spidi ya porini. Barabara imekuta malisho pale, malisho hayakuifuata barabara. Mdogo wangu alipoteza ndama wawili kwa lori ambalo halikusimama hata kuangalia.

Scania_Manyoni:
Pole kwa ndama, lakini sio mimi, na mimi nasimama. Nimesema ng'ombe hawana mchungaji kwasababu nimewaona kwa macho yangu, saa mbili usiku, peke yao katikati ya lami.

Mgogo Halisi:
Usiku mmoja umeona ng'ombe waliopotea basi kabila zima halichungi.

Fundi Waya Majengo:
Naingilia kidogo maana naona lawama inaenda kwa redio. Mleta mada, redio iliyofungwa sawasawa haiwezi kukufanyia hivyo. Kuna waya wa rivasi, unaungwa kwenye taa ya rivasi, ukiingiza R ule umeme unaiamuru redio iachie kila kitu ionyeshe kamera skrini nzima. Kwako huenda kamera inafunguliwa kwa programu, waya haujaungwa, ndo maana programu nyingine inaweza kuja juu yake. Na matangazo yale mengi yanatoka kwenye programu za bure, mtu anataka mpira wa bure, muvi za bure, anapakua vitu huko anakojua mwenyewe.

Mtumba_Asubuhi:
Fundi sijapakua chochote. Redio nimeikuta ina programu kumi na kitu zimeshawekwa, nikamuuliza aliyenifungia akasema ziache zinasaidia. Kwahiyo hapo kuna mtu kati ya kiwandani na dukani alilipwa aziweke, au nyie mafundi mnaziweka wenyewe.

Fundi Waya Majengo:
Usiseme "nyie mafundi". Mimi nafunga redio juani mpaka jioni na sijawahi kumwekea mteja kitu asichokijua. Wapo wahuni, wataje hao. Mtu akileta redio aliyoagiza mwenyewe mtandaoni ya bei ya chini kabisa nafunga nilicholetewa.

Wakili Mtarajiwa:
Sheria ipo jamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kukuletea matangazo ya biashara. Na taarifa ndo penye hatari zaidi kuliko hata tangazo lenyewe. GM, kampuni ya magari ya Marekani, ilikutwa inauza taarifa za madereva, umefunga breki kali mara ngapi, umeendesha usiku saa ngapi, zikafika kwa kampuni za bima na watu wakapandishiwa bima bila kujua sababu. New York Times waliandika 2024, na Januari 2025 tume ya biashara ya kule, FTC, ikatangaza kuwazuia miaka mitano wasizipeleke kwa kampuni zinazokusanya na kuuza ripoti za wateja. Mozilla nao, wale wa Firefox, 2023 walipima chapa 25 za magari, zote zilifeli kwenye faragha, zote.

Chief wa Ilazo:
Wakili, Tume ikamkamate mwenye kiwanda China kwa redio ya laki mbili na nusu?

Wakili Mtarajiwa:
Aliyeingiza mzigo nchini na anayeuza yuko hapahapa kaka, ana duka na ana risiti. Huyo ndo wa kuanza naye.

Mama Wawili:
Chief wewe kila kitu unakiona hakiwezekani, na watu wenye mkopo hawana haki.

Dada Chang'ombe:
Mnaongelea magari yenu, sisi wa mabasi tunasemewa na nani? Nimetoka Dar na basi juzi, skrini iko juu ya kichwa changu, tangazo la dawa ya nguvu za kiume linarudiwa sauti juu, nimekaa na mwanangu wa miaka tisa anauliza mama hiyo ni dawa ya nini. Nikamwomba konda apunguze, kanijibu nipande gari langu. Nauli nimelipa kamili.

Kijana wa Chimwaga:
Panda treni ya umeme dada, toka Julai 2024 ipo Dar Dodoma, utafika mapema na hakuna wa kukupigia kelele.

Dada Chang'ombe:
Treni nikishuka stesheni na mizigo natafuta bajaji, basi lilinishusha karibu. Na kwanini mimi ndo nihame? Konda ndo azime.

Scania_Manyoni:
Konda kama huyo aripotiwe LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, usinyamaze. Andika namba ya basi na saa.

Mtumba_Asubuhi:
Naunga mkono, ni jambo lilelile, mtu kalipa alafu anafungiwa kwenye chombo anauzwa. Lakini jamani turudi, nani amewahi kuyatoa haya matangazo yakatoka kweli?

Fundi Waya Majengo:
Ingia settings, sehemu ya programu, tafuta zenye ruhusa ya kujitokeza juu ya programu nyingine. Zote usizozijua nyima ruhusa, zinazokubali kufutwa futa. Ramani pakua za bila intaneti, hotspot uzime kabisa ukiwa unaendesha. Alafu leta gari tuunge waya wa rivasi, ndani ya nusu saa umemaliza, kwako sichukui hela ya ufundi kwasababu umeongelea usalama wa yule mama wa nyanya.

Mtumba_Asubuhi:
Ahsante sana fundi, Jumamosi nakuja. Neno langu kuhusu mafundi lilikulenga vibaya, nilikuwa na hasira na aliyenifungia.

Chief wa Ilazo:
Mnaona sasa, tatizo lilikuwa ni waya tu.

Mama Wawili:
Waya haukutuma tangazo la kubeti, Chief. Kuna mtu kalipwa kulituma, na wewe mpaka sasa hujamjibu mleta mada ni nani kampa ruhusa. Umeweza kuhesabu mikopo yetu tu.

Chief wa Ilazo:
Dada njoo inbox tuelewane.

Mama Wawili:
Siji inbox. Ulisema hapa mbele za watu, jibu hapahapa.