"At sixes and sevens": sita na saba zimeingiaje kwenye vurugu?

Mkalimani Mpya: Wakuu, kuna sentensi hii: "After the move, the office was at sixes and sevens." Kwamba ofisi iko ovyo, hilo naliona. Ila kwa nini sita na saba? Wengine wanasema ni ugomvi wa mafundi cherehani wa London. Ni kweli? Na kwa Kiswahili tuandikeje?

Mpiga Bao: Asili inayokubalika zaidi ni kamari ya dadu. Waingereza wa zamani walizitaja pande za dadu kwa maneno ya Kifaransa: tano "cinque", sita "sice". Kuweka dau lako lote juu ya hizo mbili ni kazi ya mtu asiyeogopa kufilisika. Baadaye, kwa kutojua Kifaransa au kwa utani tu, zikageuka "six and seven". Mimi naegemea utani, maana dadu haina upande wa saba.

Ila usizihesabu kama jumla. Dadu mbili zina matokeo 36. Saba hupatikana kwa njia 6, na hakuna jumla inayoishinda. Anayeitegemea saba ya namna hiyo ana akili zake timamu. Tano kwenye dadu moja na sita kwenye nyingine zina njia 2 tu. Maelezo mengi mtandaoni huanguka hapo.

Kwa kuwa msemo ulianza kama kamari, kwa mshairi Mwingereza Chaucer, miaka ya 1380, hauhusu vurugu: katika shairi lake, mhusika Pandarus anamhimiza mwenzake Troilus ajitose, liwalo na liwe. Vurugu inaonekana wazi kwa Shakespeare, kwenye tamthilia yake Richard II, pale Duke wa York anapolalamika kwamba kila kitu kimeachwa "at six and seven". Hapo bado hakuna "s" ya wingi.

Kalamu Kavu: Ugomvi wa London ulikuwepo kweli. Chama cha mafundi cherehani, Merchant Taylors, na cha wauza manyoya, Skinners, vyote vilipata hati ya kifalme ya kutambuliwa mwaka 1327, vikagombea nani awe wa 6 katika mpangilio wa vyama kwenye msafara wa jiji. Mwaka 1484 Meya Robert Billesdon akaamua wapokezane, mwaka huu wa 6, mwakani wa 7, na waalikane kula. Mpaka leo wanapokezana. Lakini Chaucer alikufa 1400, kwa hiyo msemo haukuzaliwa hapo.

Mama Kamusi: Kwa tafsiri, angalia kinachozungumzwa. Vitu au chumba: *shaghalabaghala*. Mipango: *imekwenda segemnege*. Mtu: *hajui ashike lipi aache lipi*. Ikifuatwa na "with" na jina la mtu, maana ni *hawaelewani*, na hapo ndipo wafasiri wengi huteleza. Ukiandika "sita na saba", msomaji wetu atadhani ni saa za mchana. Na usiuchanganye na "six of one and half a dozen of the other". Ule ni *yale yale tu*.

Mkalimani Mpya: Asante, mama. Na *kwenda mrama* je?

Mama Kamusi: Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Unafaa kwa jambo linaloelekea kuharibika, si kwa makaratasi yaliyotapakaa. Hapo kwako andika: "Baada ya kuhama, ofisi ilikuwa shaghalabaghala."